Ndoo ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, saa ileile niliyoanika koti langu la maabara nje. Mwenzangu angekuwepo angecheka mpaka ashike mbavu. Hayupo. Tangu mwezi uliopita amehamia kampuni ya rangi, na mimi nimebaki na chumba chenye meza mbili, mizani moja na pipa la mafuta ya mwarobaini linalonuka kama vitunguu saumu vilivyosahaulika kabatini.

Nimenunua daftari hili kwa sababu leo sauti yangu nimeisikia mara mbili tu: nilipomsalimu mlinzi na nilipopiga chafya. Basi acha nizungumze na karatasi, haina pa kwenda.

Kwa kuwa daftari nalo ni geni, nalieleza kazi yangu. Mafuta ya mwarobaini huwamaliza viwavi wa kabichi. Lakini mafuta na maji hayaelewani, na mkulima hunyunyizia kwa maji. Kwa hiyo tunayavunja mafuta yawe matone madogo mno, madogo kiasi kwamba elfu moja yakipangwa mstari hayafiki upana wa punje ya chumvi, kisha kila tone tunalivisha sabuni maalum lisirudiane na wenzake. Taabu ni kwamba hurudiana. Siku ya tatu au ya nne matone makubwa huyameza madogo, mafuta yakapanda juu kama utando wa maziwa, na mimi nikaandika "imetengana" na kuanza upya.

Mkuu wa kituo tunamwita Bwana Tutaona, maana hilo ndilo jibu lake hata ukimwuliza saa. Leo amejibu kwa kirefu. Mchanganyiko mmoja ukikaa siku sitini bila kutengana, na ukafanya kazi kwenye shamba la mtu, mradi utaongezewa miaka miwili na chumba hiki kitaletewa mtu wa pili.

"Kweli, Mkuu?"

"Tutaona."

Mtu wa pili. Nimeliandika tena ili nilione.

Jumamosi, 9 Machi

Namba 26 imetengana.

Jumanne, 12 Machi

Namba 27 na 28, zote mbili. Ya 28 imetengana huku naitazama, bila haya.

Ijumaa, 15 Machi

Nimegundua ninachokikosa zaidi. Si mazungumzo, maana mwenzangu hakuwa msemaji. Ni kule kupima. Miaka tisa tulifanya hivi: mmoja anapima na kutaja kwa sauti, mwingine anarudia na kuandika. "Sabuni, mia sita." "Sabuni, mia sita." Wageni walidhani tunasali. Sasa napima mwenyewe, naandika mwenyewe, natia sahihi mwenyewe kwenye mstari wa "aliyeshuhudia". Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa ofisini wamenipa kidole kimoja na chawa wengi.

Mchana nilikwenda kwa mama wa kabichi. Ni mjane wa miaka sitini hivi, ana matuta kumi na sita kando ya barabara ya kituo, na kabichi zake huliwa na jiko la shule ya bweni. Amekubali kunipa matuta kumi kwa majaribio. Sharti langu ni kwamba kwenye hayo kumi asitumie dawa yake ya dukani, ile inayompa upele mikononi. Sharti lake ni kwamba nisimpotezee muda.

"Binti, hizi kabichi ndizo mwaka wangu wote," akasema. "Ukiniambia subiri, nitasubiri. Lakini uwe unajua unachosubiri."

Nina mvi nyingi kuliko yeye, na bado ananiita binti. Nimeipenda sana, sijui kwa nini.

Jumanne, 19 Machi

Mafua yamenikamata tangu jana. Sisikii harufu ya kitu chochote, na kwa mtu wa mwarobaini hiyo ni likizo. Leo ilikuwa siku ya ndoo. Chupa ndogo zimetosha, mama wa kabichi anahitaji dawa ya kunyunyizia, kwa hiyo namba 31 nimeichanganya moja kwa moja lita kumi.

Baridi ilikuwa imeyagandisha mafuta. Nilipima gramu mia nane kwenye jagi, nikaliweka jagi katika beseni la maji moto chumba cha nyuma yayeyuke, nikatia alama kwenye daftari la kazi. Nikapima sabuni ndani ya ndoo. Mlinzi akaja kuniita, mama wa kabichi yuko getini anauliza dawa itakuwa tayari lini. Tulisimama robo saa chini ya mwavuli wake akinieleza jinsi konokono walivyo na adabu kuliko viwavi, maana konokono huonekana anakotoka. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika.

Nikarudi, nikafungulia maji tone kwa tone. Katikati ikawa nzito kama uji, mashine ya kukoroga ikalalamika, kisha ghafla ikalegea ikawa nyepesi na angavu. Nimezoea kuona rangi ya moshi, samawati kidogo. Hii haina hata hiyo. Naisoma mistari ya daftari kupitia chupa niliyojazia sampuli.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii, na hakuna wa kumwonyesha. Nimemwonyesha mlinzi. Amesema, "Maji haya, dada?"

Jumatano, 20 Machi

Homa. Nimesafisha chumba cha nyuma, nikarudisha pipani mafuta yaliyobaki kwenye jagi. Nimelala mapema.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ya sita, haijatengana. Leo mama wa kabichi amenyunyizia mara ya kwanza, bomba mgongoni, mvua ikimsubiri amalize.

Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu amepiga, kama kila Jumapili. Dakika nne, tatu kati yake akigombeza wanawe. Aliponiuliza "Za kwako?" nikasema nzuri tu. Ningemwambia nini? Kwamba nina chupa ambayo leo ni siku ya kumi na mbili haijatengana?

Jumatano, 3 Aprili

Nimeiweka kwenye kabati la joto, haikutengana. Friji, haikutengana. Nimeizungusha kwa kasi inayotenganisha hata ndoa, ikatulia. Nimepeleka sampuli chuoni wapime ukubwa wa matone.

Ijumaa, 12 Aprili

Majibu yamefika: nanomita kumi na moja!

Mimi na mwenzangu katika miaka tisa hatukuwahi kushuka chini ya mia na arobaini. Nimempa Bwana Tutaona karatasi, akaisoma mara mbili, akasema "Tutaona" kwa sauti ya mtu ambaye ameshaona. Nikamtumia mwenzangu ujumbe. Amejibu jioni: "11? Una uhakika? Mbona ni ndogo mno kwa mafuta? Hebu kagua tena."

Sikumjibu. Miaka tisa tunapika chungu kimoja, na siku kimeiva anaanza kukitilia mashaka. Ni wivu tu. Rangi za ukutani hazina cha kujisifia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua, siku ya tano mfululizo. Shambani matuta kumi ni safi kabisa. Nimegeuza majani mpaka mgongo ukauma, nimekuta kiwavi mmoja, naye alikuwa na sura ya aliyepotea njia. Mama wa kabichi ameridhika kwa namna yake.

"Dawa yako haina harufu, binti. Ile ya mwanzo uliyonionyesha ilinuka kama chumba cha mgonjwa."

"Matone ni madogo sana, Mama. Harufu inakosa pa kutokea."

Niliyasema hayo nimenyoosha shingo kama bata, naye akanitazama kama mtu anayetazamwa na bata.

Alhamisi, 25 Aprili

Siku ya thelathini na saba. Leo nimefuta vumbi meza ya pili, nikatoa maboksi yaliyolundikwa chini yake. Sijui atakuwa mtu wa namna gani. Hata akiwa mpiga soga asiyenyamaza, nitashukuru.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua imekata. Siku tatu za jua, na kila kitu kinatoa mvuke.

Ijumaa, 3 Mei

Viwavi. Si mmoja aliyepotea njia, ukoo mzima. Kwenye matuta kumi yangu majani ya nje yametobolewa kama chujio, kwenye matuta sita ya dawa ya dukani hakuna kitu. Nimemwambia mama wa kabichi tuongeze kipimo, avumilie wiki moja. Amekubali bila neno, na hilo limenitisha kuliko kama angenigombeza.

Chupa ya 31 dirishani iko vilevile, angavu. Huo uzuri wake umeanza kunikera.

Jumanne, 7 Mei

Ndoo ilikwisha jana. Leo mwosha vyombo, mama anayekuja Jumanne, ameichukua kuisuuza. Akarudi nayo mlangoni, bado ina vijiko vichache vya dawa chini.

"Hii ulichanganya nini?"

"Kama kawaida. Mwarobaini."

"Hapana. Ndoo zako huwa naziosha nimeziba pua kwa kanga. Hii nimeiingiza kichwa kizima. Inanuka sabuni tu."

Akaniingiza na mimi kichwa kwa mkono wake, kama mtu anayemwogesha mtoto. Mafua yangu yaliisha zamani. Ilinuka sabuni tu.

Alipoondoka nilikaa. Kisha nikafungua daftari hili, si la kazi, hili, nikasoma tarehe 19 Machi. Mafuta yamo kwenye jagi, jagi limo kwenye beseni. Halafu konokono, halafu kikohozi, halafu maji tone kwa tone. Jagi halitoki kwenye beseni. Linatoka tarehe 20, na kurudishwa pipani kama mabaki. Nimepima pipa: lina gramu mia nane zaidi ya zinazotakiwa kuwemo. Gramu mia nane kamili.

Haikutengana kwa sababu hakukuwa na cha kutengana. Nanomita kumi na moja ni sabuni yenyewe ikijikunja ndani ya maji, jambo analolijua mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwenzangu alijua mara moja, akanisitiri kwa kuuliza swali. Na mimi nikamwita mwenye wivu.

Kuhusu matuta safi ya Aprili: mvua ndiyo iliyowaosha viwavi. Ilinifanyia kazi kwa wiki nne, nami nikapokea sifa.

Jumatano, 8 Mei

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Mama wa kabichi amepiga simu saa nne asubuhi. Viwavi wameanza kuingia kwenye moyo wa kabichi. "Ninyunyizie ile yangu? Sema tu, binti. Bado ninaweza kuokoa."

Nikasema, "Subiri kidogo, Mama."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nilikuwa najua kila kitu, na bado nilisema subiri kidogo. Nilikuwa naitazama meza ya pili.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda kwa Bwana Tutaona nikamweleza yote, jagi, beseni, konokono. Alisikiliza, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwosha vyombo anajua kwamba ndoo haikunuka."

"Huyo si mtaalamu." Akavuta droo, akatoa barua, akaiweka mezani imenielekea. Barua ya kuajiri mtu wa pili, imeandikwa yote, imebaki kutiwa sahihi tu. "Siku sitini zinatimia tarehe kumi na nane. Mvua msimu huu zimezidi. Mvua huosha dawa, hilo linajulikana dunia nzima. Andika hivyo, barua hii naitia sahihi, na mkiwa wawili mtaitengeneza upya taratibu, safari hii na mafuta."

Alikuwa mpole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Hakuwa anajifikiria yeye tu. Ameniona nikila peke yangu tangu Februari. Nilisema nipewe mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeandika "mvua zimeosha dawa" kwenye karatasi ya pembeni, nione inavyokaa. Inakaa vizuri sana.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kwa miguu. Mama wa kabichi alikuwa ameinama kwenye tuta la saba na kopo la maji, anaokota viwavi kwa vidole, mmoja mmoja, anawatumbukiza. Hakuinuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Chukua tuta la nane."

Sikuchukua. Nilisema kwanza, nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiinama sitasema. Nikamwambia dawa aliyobeba mgongoni wiki zote hizi ilikuwa sabuni na maji. Nikamwambia jinsi nilivyosahau. Akainuka taratibu, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo nimewaogesha viwavi."

"Ndiyo, Mama."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Umelijua lini?"

Hapo ndipo palipokuwa na jiwe. Ningeweza kusema jana. Nikasema, "Jumanne."

Akahesabu kwa vidole vilivyokuwa na ute wa viwavi. "Jumanne. Alhamisi nilikupigia."

"Ndiyo."

"Ukasema nisubiri."

"Ndiyo, Mama."

"Sikiliza. La ndoo nalielewa. Mimi nimewahi kuinjika sufuria ya maharage nikasahau kuweka maharage, watoto wakachungulia wakacheka mpaka leo. Mtu husahau. La Alhamisi silielewi. Alhamisi hukusahau kitu." Akamwaga kopo, akalijaza maji mapya kwenye ndoo. "Alhamisi matuta yote kumi yalikuwa yanaokoka. Leo yanaokoka manne. Toka shambani kwangu."

Nilimwambia kuhusu meza, kuhusu mtu wa pili. Sijui kwa nini, labda nilitaka anihurumie. Nilisema nimekaa peke yangu muda mrefu mpaka sikuwa nafikiri sawasawa.

"Mume wangu amekufa mwaka wa kumi na moja huu," akasema, "na simwambii mtu asubiri wakati najua."

Nikatoka. Njiani nimelia, kwa sauti, kama ninavyoona watoto wanalia, na barabara ilikuwa tupu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempa Bwana Tutaona ripoti ya kweli, kurasa tatu. Akaisoma. Nikauliza kama kuna uwezekano wowote wa mtu wa pili baadaye.

"Hapana," akasema.

Miaka tisa nimetamani mtu huyu ajibu swali moja kwa neno moja. Amenijibu.

Jioni nikampigia mwenzangu, nikamweleza, nikaomba radhi hata kwa wivu ambao hakujua nilimsingizia. Kisha akasema, "Nilitaka kukupigia siku ile. Nikaona utadhani nakuonea wivu." Tulicheka, vibaya, kama watu wenye mafua. Halafu akasema ana kikao.

Ijumaa, 17 Mei

Namba 32, yenye mafuta. Nimenusa kabla, katikati na baada. Inanuka sana. Rangi ya moshi.

Jumamosi, 18 Mei

Siku ya sitini. Nimeimwaga chupa ya 31.

Jumapili, 26 Mei

Namba 32 imetengana, siku ya tisa. Siku tisa ni nyingi kuliko zote tulizowahi kupata, mimi na mwenzangu. Mdogo wangu alipopiga na kuuliza "Za kwako?" nikamwambia zote, kuanzia jagi. Alinyamazisha watoto. Tumeongea dakika arobaini.

Jumamosi, 1 Juni

Gari la shule limepakia kabichi leo. Nilisimama upande wa pili wa barabara, sikuthubutu kuvuka. Matuta sita ya kwake, manne ya kwangu. Mengine sita yamelimwa yakafukiwa. Alinitazama mara moja, kama mtu anavyotazama mawingu, akaendelea kuhesabu.

Jumatatu, 3 Juni

Amepiga simu saa tatu asubuhi. Hakusalimia.

"Ile mpya yenye mafuta, inakaa siku ngapi?"

"Tisa, Mama. Bado si nzuri."

"Siku tisa zinanitosha, mimi nanyunyizia kila wiki. Ile ya dukani imenichubua mikono mpaka siwezi kushika jembe. Msimu ujao nakupa matuta mawili, si kumi. Lakini sikuamini."

"Naelewa, Mama."

"Huelewi. Nasema sikuamini, kwa hiyo kila siku ya kuchanganya nitakuja kukaa hapo chumbani kwako. Siondoki mpaka niyaone mafuta yakiingia kwa macho yangu. Kila mara, msimu mzima. Ukiona vibaya, basi tuache."

Nikasema sioni vibaya. Nilishika simu kwa mikono miwili. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kufurahi hivi kwa kutoaminiwa.

"Sasa niambie," akasema, "maana nina kuku na nina kazi zangu. Kuchanganya mara moja kunachukua muda gani?"

Nilitamani kusema siku nzima. Nikamwambia masaa matatu.